Simu Iliyonivusha Mlango wa Wakwe

Nilikwama mlangoni kwa wakwe zangu, kule Mwazye, siku ya kumzika baba mkwe. Maiti iko ndani, wanawake wamejaa kwenye mikeka wanalia, na mimi mkwe wa nyumba ile, niliyetakiwa kuingia na kulia kuliko wote, nimesimama kizingitini kama mwiko uliochomekwa kwenye ugali. Miguu imegoma. Haiumi, haina ganzi, imegoma tu. Kichwa kinasema twende, kifua kimeshatangulia, nyayo zimebaki chini kana kwamba kuna mtu amezishika. Mkono wa kulia unatetemeka ndani ya kitenge. Nyuma yangu watu wanasongamana, nao wanataka kupita.

"Mama Kizito, ingia basi," mmoja akasema.

"Naingia," nikasema. Sikuingia.

Ndipo shemeji Gaudensi, kaka mkubwa wa mume wangu, akainuka kutoka uani walipokaa wanaume. Alikuja taratibu, hana haraka, akanitazama miguu, kisha akasema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni:

"Mwacheni hapohapo. Zindiko limemshika."

Sasa wewe usiye wa kwetu ujue maana yake. Wakati baba anaumwa, Gaudensi alileta mganga, mtu wa kutoka mbali aliyejiita Profesa, wakafukia dawa chini ya kizingiti kile. Kazi ya dawa ni hiyo: mchawi akifika mlangoni asiweze kuvuka. Kijiji kizima kilijua imefukiwa. Na sasa mchawi amepatikana, mchana kweupe, mbele ya maiti, naye ni mke wa Yustin.

Kilio kilikatika. Sijawahi kusikia msiba ukinyamaza namna ile. Yustin, mume wangu, alipenya katikati ya watu, akanishika kiunoni kwa nyuma, akaninyanyua kama gunia la maharage na kuniketisha pembeni ya ukuta. Baba akazikwa, mimi nimekaa pale. Hakuna mwanamke aliyekuja kukaa karibu yangu. Dirisha lilikuwa juu ya kichwa changu, nikamsikia mama mkwe, ambaye macho yake yalikuwa yameshakufa, anauliza humo ndani: "Mke wa Yustin yuko wapi? Mbona simsikii?" Hakuna aliyemjibu.

Hayo ndiyo mabaya kuliko yote, nimeyaweka mwanzo ili yanitoke. Yaliyobaki mengi ni ya kucheka. Na wewe unayesoma huku kidole chako kinacheza chenyewe, usiondoke. Nakuandikia wewe.

Naitwa Skolastika, naishi Malangali, hapa Sumbawanga mjini. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo usinidai maneno ya kitabibu. Serikali ilipofungua biashara, kila mwenye miguu akawa mfanyabiashara, na mimi miguu nilikuwa nayo. Nilipeleka maharage Kasesya mpakani, nikarudi na vitenge vya Zambia. Lori likikwama njiani kwenye tope, wenzangu walikaa chini kulaumu dereva, mimi nilijitwika furushi nikatembea. Waliniita Mama Lori. Nililipenda jina hilo, na sioni haya kusema.

Ugonjwa ulianza kwa pua. Dagaa wakawa hawanuki. Nikadhani wafanyabiashara wa ziwani wamepata ujanja mpya wa kukausha. Halafu mkono wa kulia, nikitembea, ukawa hauyumbi, umening'inia tu kama si wangu. Halafu kidole gumba kikaanza kucheza na mwenzake, kama mtu anayepepeta ulezi kiganjani. Sauti ikashuka. Nikiwa sokoni mteja anasema, "Mama, sema kwa nguvu," na mimi nadhani napiga kelele. Uso ukakaza. Watu wakaniuliza nimekasirikia nini wakati mimi moyoni nacheka. Na mguu wa kulia ukaanza kuburuza, kandambili zangu zikawa zinakwisha upande mmoja.

Nilikwenda zahanati moja ya binafsi. Wakati huo zilikuwa zimefunguliwa nyingi, kila kona kibao. Mwenyewe tulimwita Dokta Sindano, kwa sababu kwake hata ukiingia kuuliza njia utachomwa. Alinichoma ya malaria. Niliporudi alinichoma ya taifodi. Niliporudi tena, masika yote yamepita na mkono umezidi, alinitazama ninavyoyumba mlangoni kwake, akavua miwani.

"Mama," akasema, "tuwe wakweli. Punguza pombe."

Mimi pombe ya ulezi naipika vizuri kuliko wengi, lakini kuinywa tumbo langu lilikataa tangu usichana, wote Malangali wanajua. Nilimwambia hivyo. Akatabasamu, akamwambia nesi, "Wote husema hivyo." Namtaja hapa. Na aliyekuwa anasubiri nje kwenye benchi alisikia, na kufika jioni nilikuwa mlevi wa mtaa mzima. Basi kutoka ulevi hadi uchawi ilikuwa hatua moja tu, na Gaudensi alinivusha.

Baada ya mazishi akatuma ujumbe kwa Yustin: mkeo asikanyage tena kwetu. Mji huu nao una masikio. Wanawake waliokuwa wananikopa vitenge wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Hilo nililivumilia. Lililonishinda ni mama. Mama mkwe wangu tulikuwa tunakula sahani moja. Macho yalipomfia, mimi ndiye niliyemfundisha kutembea na kamba kutoka jikoni hadi chooni, tukicheka njia nzima. Akawa anawauliza watu wanaokuja mjini: mke wa Yustin amekasirika nini? Nikawa na haja moja tu duniani. Kuvuka mlango ule kwa miguu yangu mwenyewe, watu wakiona, nikakae na mama kabla hajaondoka. Nilimwambia Yustin hivyo.

"Basi tuanze na miguu," akasema. "Mlango hauhami."

Yustin ni fundi baiskeli. Kwake kitu kikigoma, hakuna kulaumu mtu, unakifungua uone.

Tulikwenda Mbeya baada ya kuvuna maharage, kwenye hospitali kubwa. Wanaosubiri pale wanajuana: kuna wanaolala kwenye vitenge, kuna wanaouza karanga, kuna anayejua kila daktari anaingia saa ngapi na anadanganya. Pembeni yangu kwenye benchi alikaa mzee wa Kiislamu, kofia safi, koti la kijivu, na mkono wake wa kushoto unatetemeka kama wangu wa kulia. Nikamtazama. Akanitazama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mkono wako unapiga ngoma gani?"

"Ya Ufipa."

"Kumbe ni wa nyumbani. Wangu sijui umejifunzia wapi. Tukae karibu tufungue bendi."

Huyo ndiye Mzee Athumani. Familia yao ina duka la vifaa na malori hapo Sumbawanga, nimepita mbele ya duka lile maisha yangu yote. Ilibidi tusafiri hadi Mbeya ndipo tujuane. Tulicheka kwenye benchi lile, nesi akatuambia hapa ni hospitali. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu msiba, ingawa uso wangu haukuonyesha. Yeye alielewa. Wake pia haukuonyesha.

Daktari alinigongesha vidole, akanitembeza koridoni, akanigeuza. Ugonjwa huo unaitwa Pakinsoni. Akasema hautoki, lakini mtu huishi nao. Halafu akasema, tena bila kuulizwa: "Si pombe, mama. Wala si mkono wa mtu." Nililia, Yustin akashika kofia yake na kuitazama kama ndiyo imeharibika.

Nikapewa vidonge. Nataka ujue mambo mawili tu kuhusu vidonge. La kwanza, saa yake ni saa yake, usiipitishe. La pili, vya kwangu havipatani na maharage. Nikila maharage na kidonge pamoja, kidonge kinakaa nje kama mgeni asiyekaribishwa. Hebu fikiria, Mfipa umwambie ayaonee haya maharage. Sasa nayala jioni.

Kisha tukapelekwa kwa dada wa mazoezi ya viungo, Neema, binti mdogo mwenye kicheko kikubwa. Akanisimamisha mbele ya mlango wa chumba chake, nikakwama. Alijua nitakwama. Akatoa simu yake ya mkononi, akabonyeza, ikaanza kulia ti, ti, ti, kama saa ya ukutani.

"Usiufikirie mlango, mama. Kanyaga inapolia."

Nikakanyaga. Nikavuka. Nikajikuta upande wa pili nimeshika ukuta, Yustin ameachama mdomo.

"Uchawi huo," nikamwambia Neema.

"Ni mdundo tu," akasema. "Njia ya zamani kichwani imeziba, tunapitia shambani." Akauliza kama tuna simu. Minara ilikuwa imeshafika kwetu, na Yustin alikuwa na simu ya Kichina, laini mbili, tochi, na spika ambayo ukiiwasha mtaa mzima unajua umewasha. Neema akaingiza humo ile ti ti ti, akatuwekea kengele ya vidonge, akasema kila wiki atanipigia tufanye mazoezi pamoja, yeye Mbeya mimi Malangali. Nilidhani ananipa moyo tu. Alipiga kweli.

Basi mazoezi yakaanza, na vichekesho vyake. Kila asubuhi nilitoka uani, simu nimeitundika shingoni kwa uzi wa katani, natembea hatua ndefu, mikono naitupa kama askari wa gwaride. Nanyanyuka kitini, nakaa, nanyanyuka. Napiga kelele "aaa" hadi pumzi iishe, ili sauti irudi. Jirani yangu mmoja tu hakuwa ameacha kuja kwangu, Mama Shija, Msukuma aliyehamia na ng'ombe zake. Alikuja siku ya kwanza akaegemea uzio.

"Nyie Wafipa," akasema, "hata kutembea mpaka simu iwaamrishe?"

"Na nyie mnaotembea nyuma ya mikia ya ng'ombe maisha yenu yote, nani huwaamrisha?"

"Ng'ombe. Lakini ng'ombe ana maziwa. Hiyo ina nini?"

Hata hivyo aliingia uani, akawa anafanya na mimi, anatupa mikono huku anasema mgongo wake ndio unaomsumbua, si kwamba ananisaidia. Nilimuuliza siku moja kama haogopi yaliyosemwa Mwazye. Akasema zindiko la Kifipa halijui Kisukuma.

Mzee Athumani naye akawa ananipigia akishamaliza swala ya asubuhi, simu zote mbili zimewekwa sauti ya nje, tunashindana.

"Leo nimenyanyuka bila kushika popote," ananiambia.

"Kwenye kiti au kwenye sofa?"

"Sofa."

"Sofa la matajiri linasukuma lenyewe, mzee. Hamia kwenye kigoda."

Asubuhi nyingine ananikatia simu, halafu anapiga tena: "Nimejaribu kigoda. Bibi yako ndiye ameniinua. Mwambie mtu mwingine habari za kigoda." Nilicheka hadi nikakaa. Wakati wa baridi, upepo wa Ufipa unapokata masikio na viungo vyangu vimekuwa kuni, kama si simu ile kulia asubuhi nisingetoka kitandani. Ningesema kesho. Wewe mgonjwa mwenzangu, mtafute mtu wa kukusumbua. Dawa inaletwa na hospitali, lakini usumbufu lazima mtu akufanyie.

Lakini ile ti ti ti haikunikaa moyoni. Ilikuwa kama mtu anayegonga meno. Ndani ya uwanja ilinitembeza, mlangoni mara nyingine ilinitupa. Nilimweleza Neema kwenye simu, akasema tafuta mdundo wako, wimbo wowote unaokupandisha mguu. Nikajaribu kwaya, kwaya zinayumbisha sana. Nikajaribu muziki wa dansi wa Mzee Athumani, ukanipeleka pembeni. Mama Shija akajitolea kuniimbia ngoma ya kwao, nikamwambia asante.

Ulezi ulipoiva, Yustin akaenda Mwazye kusaidia kupura, simu yake akaenda nayo, mimi Mama Shija akaniazima ya kwake. Kwetu ulezi tunaupura kwa fimbo, watu wanasimama pande mbili za uwanja, hawa wakipiga wale wananyanyua, na lazima awepo wa kuimba, la sivyo fimbo zinagongana na watu wanaanza kutukanana. Mwimbaji wa pale alikuwa mama mkwe miaka yote. Macho yalipokwenda, sauti ilibaki. Walimtandikia ngozi kando ya uwanja, anaimba amekaa.

Yustin alinipigia kutoka palepale uwanjani, kuniuliza kama nimemeza kidonge. Mimi nilikuwa nimekwama mlango wa jiko, sufuria mkononi, nimeshakaa pale muda, uji unapoa. Nikapokea kwa mkono mmoja. Nyuma ya sauti yake nikasikia fimbo: pu, pu, pu, pu. Na juu yake mama anaimba Kifipa chake cha zamani, anawaambia wapuraji wasiuonee huruma ulezi wa mumewe. Mguu wangu ukanyanyuka. Nilikuwa sijauambia kitu. Nikavuka na sufuria yangu.

"Yustin," nikasema, "usikate."

"Salio litaisha."

"Liishe. Sogea karibu na mama."

Nilizunguka uwanja wangu wote, natembea na mapuro, zile fimbo na wimbo wa Mwazye. Salio lilipoisha nikasimama katikati ya uwanja, nimekwama tena, nacheka peke yangu kama kichaa.

Simu ya Yustin ilikuwa na kadi ya kurekodia. Kesho yake Yustin akaketi karibu na mama, akamwambia: imba, nataka kuchukua sauti.

"Ya kupelekea nani?"

"Mke wangu. Anaumwa miguu, mama. Si hasira, ni ugonjwa. Akisikia fimbo zako anatembea."

Mama alikuwa hajaambiwa lolote, mwaka mzima. Halafu akasema, "Ngoja nikohoe kwanza." Na huyu fundi baiskeli wangu alikuwa ameshabonyeza. Kwa hiyo rekodi yangu inaanza na kikohozi, kikubwa, cha bibi wa Kifipa anayesafisha koo, ndipo fimbo zinaanza. Neema aliisikia akataka kukikata. Nilikataa. Kikohozi kile ndicho kinachoniambia jiweke sawa.

Tangu hapo nikarudi kuwa Mama Lori, lori la zamani, lakini linawaka. Nilitembea hadi sokoni na mapuro shingoni. Masika niliteleza nikaanguka kwenye tope mbele ya duka la Mzee Athumani, chali, na simu kifuani ikaendelea kuimba. Vijana wa kupakia mizigo walikuja kuninyanyua huku wanatingisha vichwa kwa mdundo. Mzee mwenyewe alitoka mlangoni, hatua fupi fupi, akasema, "Skolastika, mazoezi ya kulala hatukukubaliana." Wateja wakarudi mmoja mmoja. Mtu anayecheka na wewe hana nafasi ya kukuogopa.

Kiangazi kilichofuata ukoo ukapanga siku ya kuweka msalaba kwenye kaburi la baba. Mama akawaambia wanawe wote: msalaba hauwekwi kabla mke wa Yustin hajaingia ndani ya nyumba hii kunisalimia. Gaudensi hakubisha. Alisema tu, "Aje. Mlango upo." Nilijua anachongojea. Anangoja nikwame mbele ya watu wengi kuliko siku ya kwanza.

Usiku sikusinzia vizuri, naweza kusema hivyo tu. Asubuhi Neema alinipigia. Kidonge kimeze mapema, maharage yasikuguse. Anza kutembea kabla hujafika mlangoni, ukifika usipunguze. Usitazame kizingiti, tazama unakokwenda ndani. "Na ukikwama," akasema, "kukwama si dhambi. Simama, pumua, anza upya." Mama Shija alisindikiza. Alisema anakwenda kuangalia kama Mwazye kuna malisho.

Tulikuta uwanja umejaa. Walipoona ni mimi, watu wakajipanga pande mbili bila mtu kuwaambia, wakaacha njia hadi mlangoni. Gaudensi alisimama karibu na mlango, mikono nyuma. Nikamsalimia, "Habari za hapa, shemeji." Akasema nzuri.

Yustin akabonyeza. Kikohozi. Fimbo. Nikaanza. Hatua ndefu, mikono naitupa, watu wananitazama miguu. Nimebakiza kidogo tu, mlango uko mbele yangu, wimbo ukakatika na simu ikaanza kuita. Nikasimama. Nikakwama palepale, kizingiti mbele ya vidole vyangu kama siku ile. Yustin kwa pupa akabonyeza ya kupokea, na sauti ya nje ilikuwa imewashwa, kwa hiyo Mwazye yote ikasikia sauti ya Mzee Athumani:

"Umeshavuka?"

"Bado, mzee," nikasema. "Umenikatia wimbo mlangoni."

"Astaghafirullah. Nakata."

Aliyeanza kucheka sijui ni nani, nadhani ni Mama Shija. Kisha kicheko kikapita kwenye ile mistari miwili kama moto kwenye majani makavu, hata wazee. Nami nikacheka na kukwama kwangu. Yustin akarudisha wimbo mwanzo. Kikohozi. Wanawake wa pale waliujua wimbo ule tangu mgongoni kwa mama zao. Mmoja akaudaka, mwingine akaokota mchi akagonga kinu, viganja vikafuata, na kabla fimbo za kwenye simu hazijafika mbali uwanja wote ulikuwa unapura ulezi bila ulezi. Mguu wangu ukanyanyuka. Nikavuka. Nyuma yangu vigelegele vikavunja masikio.

Ndani, mama alikuwa amekaa kitandani ameinua uso.

"Nani huyo anaimba kama mimi?"

"Ni wewe, mama. Uko kifuani kwangu."

Akasikiliza. "Mbona nina sauti mbaya hivyo?" akasema, na kunivuta mkono. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka. Akaushika kwa mikono yake yote miwili, akatetemeka nao, tukakaa hivyo. Tulikula sahani moja siku ile. Kuku, si maharage.

Ningependa niishie hapo, lakini hayakuishia hapo. Watu wanakula, wanacheza, msalaba umewekwa, Gaudensi akainuka na kusema wasidanganyike: yule mwanamke ameingia kwa sababu simu ile ina hirizi, imevunja zindiko. Yustin hakugombana naye. Aliifungua simu mbele ya watu kama anavyofungua kitovu cha gurudumu: kifuniko hiki, betri hii, laini hii, kadi hii ndiyo mama. Ikapita mkono kwa mkono. Mimi nikaenda mlangoni nikavuka kutoka, nikavuka kuingia, nikavuka kutoka, bila wimbo, kwa jeuri tu. Watoto wakanifuata wakavuka na wao. Gaudensi akasema anakwenda kutazama ng'ombe.

Mama yuko hai, tunaongea kila Jumapili kwa simu, ananiuliza kama bado natembea naye. Natembea naye.

Lakini kwenye vilabu vya pombe Gaudensi bado anasimulia habari ya simu yenye hirizi, na maneno yana miguu kuliko mimi. Mwaka huu kuna mjane wa kijiji cha jirani, anatetemeka mkono, anaburuza mguu, ameganda mlangoni kwa mwanawe mwenyewe. Wakasema ni kama yule wa Mwazye. Wamemfukuza. Anaishi kwa ndugu yake Kasesya kwenye stoo ya magunia, nimekwenda kumwona, nimempelekea kikohozi cha mama kwenye kadi. Ameanza kutembea. Kurudi kwake hajarudi.

Kwa hiyo nakuambia wewe, shemeji Gaudensi, kwa jina, na hapa watu wote wanasoma. Yule Profesa wako ameshahama, hapatikani. Dokta Sindano amefunga kibao, amefungua kingine mahali pengine. Uliyebaki ni wewe. Ulisema mbele ya maiti ya baba yako, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, kwamba mimi ni mchawi. Simama kwa sauti hiyohiyo, kwenye mkutano wa kijiji, useme ilikuwa ni ugonjwa na wewe ulikosea. Kisha nenda Kasesya ukamchukue yule mama, umrudishe kwa mwanawe, umweleze mwanawe mwenyewe kwa mdomo wako. Usimtume mtu. Yustin atakupeleka kwa baiskeli kama miguu yako itagoma.